Siku ya Nane, na Milango Bado Imefungwa
Mahubiri ya Dominika ya Pili ya Pasaka



Ndugu wapenzi wasikilizaji, ninyi mlioko Tarime, Sirari, Nyamwaga na Nyamongo, nanyi mlioko ng'ambo ya Mto Mara, huko Mugumu, Iramba, Issenye na Nata, tunawatakieni heri ya Pasaka. Msishangae kwamba tunawapa salamu hiyo wakati sikukuu imekwisha kupita kwa juma zima. Kwa Kanisa siku hizi nane za kwanza ni kama siku moja kubwa, na majira yenyewe ya Pasaka yaendelea siku hamsini mpaka Pentekoste. Nyama imekwisha, nguo mpya zimefuliwa na kurudishwa sandukuni, lakini Pasaka ingali ikiendelea.

Injili ya leo, katika sura ya ishirini ya Mtakatifu Yohane, yatupeleka kwenye nyumba moja ya Yerusalemu. Ni jioni ya siku ileile ya ufufuko. Wanafunzi wamekusanyika ndani, nao wamefunga milango kwa sababu ya hofu. Yesu akaja, akasimama katikati yao, akawasalimu kwa salamu ya amani, akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Wakafurahi. Akawavuvia Roho Mtakatifu, akawapa uwezo wa kuondolea dhambi. Kisha Mwinjili atuambia kwamba Tomaso hakuwapo, na baada ya siku nane Yesu alikuja tena, naye Tomaso akiwapo.

Sehemu hii husomwa kila mwaka katika Dominika ya leo, na karibu kila mwaka sisi wahubiri humsema Tomaso. Leo tumwache kwanza apumzike. Tutazame neno moja dogo ambalo Yohane aliandika mara mbili. Jioni ya kwanza milango ilikuwa imefungwa. Baada ya siku nane, asema Yohane, milango ilikuwa imefungwa tena! Watu hawa walikwisha kumwona Bwana. Walikwisha kupokea amani yake na Roho wake. Walikwisha kumwambia Tomaso kwa furaha kwamba Bwana yu hai. Hata hivyo usiku ulipoingia walilikomea komeo lilelile kama zamani. Nasi leo tuko katika siku ya nane. Ndiyo sababu tumeona vema kuuliza habari ya milango yetu.

Hofu ni fundi mkubwa wa kujenga. Baadhi yenu hupenda kutuuliza jinsi Pasaka inavyoadhimishwa huko Italia, nchi iliyo na Roma ndani yake, nasi twataka kuwajibu leo kwa habari za mji mmoja tu, kwa maana unahusiana na milango tunayoisema. Mji huo waitwa Gubbio, katika jimbo la Umbria, katikati ya nchi. Umejengwa kwa mawe kwenye mteremko wa mlima uitwao Ingino. Njia zake ni nyembamba, nyumba zimebanana kama mahindi katika gunzi, na kuta za kale zingaliko. Miji ya namna hiyo ni mingi huko Umbria: Assisi, Perugia, Spoleto, Orvieto, yote juu ya vilima. Watalii huipiga picha na kuisifu uzuri wake. Lakini watu wa zamani hawakupanda kule juu kutafuta uzuri. Walipanda kwa kuogopa majirani. Mji wa kilima hiki ulipigana na mji wa kilima kile, leo kwa ajili ya mashamba, kesho kwa ajili ya njia ya biashara, kesho kutwa kwa ajili ya kulipiza kisasi cha juzi.

(Wako watakaouliza mlima huo una urefu gani. Gubbio uko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na ufuko wa ziwa letu pale Musoma uko mita zipatazo 1,134. Kwa hesabu hiyo mvuvi wa Musoma akaa juu kuliko mwenyeji wa Gubbio. Mtu wa Tarime hatumtaji.)

Habari hizi si ngeni kwetu. Wazee wa Ngoreme na Ikoma husimulia jinsi babu zao, nyakati za uvamizi wa karne ya 19, walivyojikusanya mahali pa juu na kujizungushia kuta za mawe, wao na mifugo yao. Wajerumani nao walipokuja walijenga boma lao juu ya kilima huko Ikoma, na magofu yake yamebaki. Na katika nchi ya Wakuria ni nani asiyejua kwa nini zizi huwekwa katikati ya mji na nyumba za watu kulizunguka? Adui sharti apite kwa watu kabla ya kuwafikia ng'ombe. Tunayo elimu ya kutosha ya kuta.

Ila kuta zina kasoro moja: hazijui kama adui yuko nje au ndani. Katika karne ya 12 mji wa Gubbio ulikuwa na askofu jina lake Ubaldo, mzaliwa wa mji uleule. Siku moja wenyeji wenyewe, si wageni, walishikana kwa panga katika njia za mji. Askofu akakimbilia pale, na alipoona maneno hayasikiki, alijitupa katikati ya panga, akaanguka chini kama mfu. Wapiganaji wakapigwa na bumbuwazi. Wakatupa silaha, wakaanza kulia na kushutumiana kwamba wamemwua baba yao. Ndipo akainuka na kuwaonyesha kwamba hakuumia. Mwenye kusimulia maisha yake asema ugomvi ulikoma hapo.

Tafakarini jambo hili, hasa ninyi makatekista. Ubaldo hakuuliza kwanza nani alianza. Wala hatusemi kwamba swali hilo halina maana. Mahakama lina kazi yake, na wazee wana kazi yao. Lakini saa ile damu ilipokuwa karibu kumwagika, alitoa mwili wake ukawa ukuta kati ya watu wa pande mbili. Huo ndio ukuta pekee ambao Injili inautambua.

Pasaka yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1160. Alikuwa mzee, amelala kitandani kwa ugonjwa, na watu walitamani kumwona. Siku ya Pasaka aliinuka, akaadhimisha Misa, akawahubiri na kuwabariki, kisha akachukuliwa kurudi kitandani, asiinuke tena. Ilipofika Pentekoste watu wa mji walipita mmoja mmoja mbele ya kitanda chake kumuaga. Alifariki tarehe 16 Mei mwaka huohuo. Mwili wake umewekwa katika kanisa lililo juu ya mlima Ingino, na mpaka leo ndiye msimamizi wa mji.

Basi, Pasaka huadhimishwaje katika mji huo? Tangu utukufu wa Alhamisi Kuu kengele hunyamaza, kama zinavyonyamaza kwetu. Jioni ya Ijumaa Kuu mioto mikubwa huwashwa kando ya njia, na wanaume wa chama cha kale cha Msalaba Mtakatifu, wamevaa kanzu na kofia za kufunika uso, hupita katika mji wakichukua sanamu ya Kristu aliyekufa, na nyuma yake sanamu ya Mama yake mwenye uchungu. Mbele husikika vibao vya mti na chuma vikigongwa badala ya kengele. Makundi mawili ya waimbaji huimba zaburi ya toba, ile ya 51, kwa sauti ambazo wazee waliwarithisha vijana kwa kinywa tu. Kufunika uso kuna maana yake: mwenye kutubu asijulikane, asisifiwe. Chimbuko la vyama hivyo ni vuguvugu la toba lililoenea toka Perugia mwaka 1260, na wanahistoria wanatuambia kwamba katika siku zile maadui wa miaka mingi walipatana, na waliofukuzwa mijini wakarudishwa makwao. Maandamano hayo hupita katika njia za mawe kama zile ambamo damu ilimwagika. Nasi twadhani hapo ndipo penye nguvu yake, kupita mioto na mavazi.

Jumamosi Kuu watu huleta vikapu vya chakula kubarikiwa: mayai, nyama iliyokaushwa, na mkate wa Pasaka ambao watu wa Umbria huuchanganya na jibini. Huliwa asubuhi ya Pasaka, familia nzima pamoja.

Halafu yaja Jumatatu ya Pasaka, nayo ndiyo iliyotuvutia zaidi. Siku hiyo Waitaliano wana desturi ya kutoka. Huchukua chakula kilichobaki, hutoka mijini, hushuka mashambani na kuketi majanini. Desturi hiyo wao huiita matembezi ya nje ya lango. Wengi husema ni kumbukumbu ya wale wanafunzi wawili waliotoka Yerusalemu kwenda Emau, wakakutana na Bwana njiani. Hatujui ni wangapi kati ya hao wenye vikapu wanaomkumbuka Kleopa. Wengine, bila shaka, hukumbuka mvinyo tu. Lakini tendo lenyewe lasema zaidi ya watendaji wake. Mji uliojengwa ili watu wajifungie, siku moja baada ya Pasaka watoka nje ya lango, bila silaha, mikononi mna mkate.

Turudi nyumbani. Pasaka yetu huja wakati wa masika. Wenye vigango vya milimani huko Tarime wajua maana ya kushuka njia ya utelezi usiku, viatu mkononi, mtoto mgongoni, kwenda kwenye mkesha. Wajua pia kazi ya kuwasha moto mpya kwa kuni zilizoloa. Wazee waliobatizwa kabla ya mwaka 1956 hukumbuka kwamba zamani adhimisho hilo lilifanywa asubuhi ya Jumamosi, jua likiwaka, mpaka Papa Pius wa Kumi na Mbili alipolirudisha usiku, mahali pake pa asili. Na huku Serengeti, katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, kuna familia ambazo usiku uleule zalazimika kugawanyika: mama na watoto kwenye mkesha wa Pasaka, baba na vijana kwenye mkesha wa shamba, wakiwa na tochi na madebe ya kugonga, tembo wasije wakala chakula cha mwaka mzima. Tunawasalimu kwa heshima ninyi mliokesha shambani. Na hao walioko kanisani, mshumaa wa Pasaka ulipoingia gizani na mwanga kugawanywa toka mkono kwa mkono, walipokea moto kwa niaba yenu pia.

Wengi walibatizwa usiku ule. Tulitakiana amani. Litungu lilipigwa, na vigelegele vikafuata. Kisha Jumapili mbuzi akachinjwa, na kwa Wakuria kichuri kikapikwa, na jirani akaitwa.

Ni jirani yupi aliyeitwa? Hapo ndipo penye mlango wetu, ndugu wapenzi.

Ninyi mwajua kuliko sisi ni koo zipi zilizopigana, mwaka gani, kwa ajili ya malisho yapi na ng'ombe wangapi. Hatutataja ukoo hata mmoja hapa, kwa maana kila ukoo una makaburi yake, na redio si mahali pa kuyahesabu. Miaka ya 2000 ilipokuwa ikielekea mwisho, hali ilikuwa mbaya hata Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya. Polisi wamefanya kazi, wazee wamekaa katika iritongo na kutoa maamuzi, viongozi wa dini wameitwa kushuhudia sulhu. Twamshukuru Mungu kwa kila usiku uliopita bila yowe. Lakini kuna mpaka kati ya kijiji na kijiji ambao watu hawauvuki ila kwa haja, na wakiuvuka huharakisha. Kuna kisima ambacho watoto wa upande huu wamekatazwa kuchota. Kuna mama ambaye kanisani humpa mkono wa amani mwenzake wa ukoo ule, na wakifika sokoni hupitana kama wasiojuana. Wote wawili wameungama, wote wawili wamekomunika, na Pasaka imekwisha kutimiza siku nane.

Yesu hakuwakaripia wanafunzi kwa sababu ya komeo lao. Aliingia, akasalimu. Na salamu yake ilifuatwa na jambo ambalo sisi, tunapofanya sulhu, hupenda kuliruka: aliwaonyesha majeraha. Sulhu zetu nyingi, tuseme kweli, huvunjika kwa sababu zilifanywa kwa haraka na kwa hotuba. Watu waliambiwa wasahau yaliyopita. Aliyepoteza mwana hakupewa nafasi ya kusema jina la mwanawe. Aliyenyang'anywa ng'ombe aliambiwa anyamaze kwa ajili ya amani, na ng'ombe wenyewe anawasikia wakilia katika zizi la pili. Bwana Mfufuka angeweza kuja na mwili usio na kovu. Hakuja hivyo. Alikuja na makovu yale yale, hayatoki damu tena, wala hayafichwi. Hapo sasa ndipo tumwitapo Tomaso: yeye hakukubali kuambiwa kuna furaha kabla hajaona pale palipoumizwa. Katika baraza la sulhu, mtu wa namna yake afaa sana. Msimfukuze kwa kumwita mchochezi.

Jambo jingine twalipata Gubbio tena, katika kisa ambacho wengi wenu mmekisikia, cha Mtakatifu Fransisko na mbwa mwitu. Watu wa Serengeti wasifikiri ni wale mbwa mwitu wetu wa mabaka. Huyu wa Ulaya ni mnyama mwingine, mkubwa na wa rangi ya kijivu. Kisa kimo katika masimulizi ya karne ya 14. Mnyama huyo alikuwa akila mifugo na watu, hata wenyeji wakawa hawatoki nje ya lango ila wenye silaha. Fransisko alitoka, akamwendea, akamwita ndugu. Sehemu hiyo twaipenda, na watoto huichora. Sehemu tunayoisahau ni masharti. Fransisko aliwaambia watu wa mji kwamba mnyama alitenda maovu kwa sababu ya njaa, basi sharti la amani ni kwamba mji umlishe kila siku, naye asimdhuru mtu. Watu wakakubali mbele ya wote. Kwa miaka miwili, kama yanavyosema masimulizi, alipita mlango kwa mlango akapewa chakula, na mbwa hawakumbwekea. Alipokufa kwa uzee watu walihuzunika.

Milango ilifunguliwa, tena kwa gharama ya kila siku. Kijana anayeshawishiwa kwenda kuiba ng'ombe usiku, mara nyingi ni kijana asiye na shamba wala kazi, ambaye ameambiwa kwamba bila ng'ombe wengi wa mahari hataoa wala kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Hatumtetei mwizi, amri ya saba haijafutwa. Twasema kwamba ukoo unaotaka amani na huku unapandisha mahari, na mzazi anayepokea ng'ombe bila kuuliza wametoka zizi lipi, wote wawili wamemwacha mnyama na njaa yake nje ya ukuta.

Makatekista, tunawaomba jambo moja juma hili. Chagueni siku ambayo jumuiya ndogondogo za pande mbili za mpaka zaweza kukutana, si kanisani, bali nyumbani kwa mtu, na mwaka huu iwe nyumba ya upande ambao ninyi hamna desturi ya kwenda. Chukueni maji yaliyobarikiwa usiku wa Pasaka, na chakula kidogo kilichopikwa tayari. Msiende na hotuba. Soma Injili ya leo, kisha kaeni kimya, na mwenye jina la kutaja alitaje. Kama mlango utakuwa umefungwa siku hiyo, piga hodi, subiri, wacha salamu, rudini juma lijalo. Bwana wetu mwenyewe alikuja mara mbili.

Tuwaombee wale watakaouvuka mpaka juma hili, na wale watakaokuwa ndani wakisikia hodi. Ee Bwana, uliyesimama katikati ya wanafunzi wenye hofu, usichoke kuja kwetu. Ewe Mtakatifu Ubaldo, utuombee. Amina.